Gari la Kale: Lisimame Libaki, au Litembee Lichakae?

Katika vilabu vya wapenzi wa magari ya kale upo mjadala usiokwisha. Mtu amepata gari dogo la kasi la zamani, tuseme Jaguar E-Type, aina iliyoanza kutolewa mwaka 1961, au Datsun 240Z, iliyotokea mwishoni mwa mwaka 1969. Je, alitembeze barabarani, au alifunike ndani ya banda na kulitoa mara moja kwa mwaka ili waamuzi wa klabu walikague na kulipa alama?

Wenye kulifunika husema kwamba kila kilomita inakula kitu ambacho hakirudi. Rangi iliyopakwa kiwandani miaka hamsini iliyopita ikichubuliwa na jiwe, fundi aweza kupaka nyingine, lakini hiyo haitakuwa tena rangi ya kiwandani. Wenye kulitembeza hujibu kwamba gari liliundwa liende, na kwamba gari lisilokwenda ni sanamu ya gari. Kila upande una hoja, na kila upande huuona mwenzake kuwa ni mharibifu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mjadala huo, jinsi unavyoendeshwa, umejengwa juu ya dhana isiyo sahihi. Dhana yenyewe ni kwamba gari lililosimama halibadiliki. Kemia na fizikia zinasema vinginevyo. Gari lililosimama linaendelea kubadilika usiku na mchana, na katika mahali kama pwani yetu ya Mtwara hubadilika upesi kuliko wengi wanavyodhani.

Waamuzi na alama zao

Tuanze na mashindano yenyewe. Katika Afrika Mashariki shindano la namna hii linalojulikana zaidi ni lile la Nairobi liitwalo Africa Concours d'Elegance. Limekuwa likiandaliwa na klabu ya wamiliki wa magari ya Alfa Romeo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa miaka mingi limefanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Waamuzi hulikagua gari nje, ndani, kwenye injini na hata chini ya tumbo lake. Vumbi, tope na mafuta yanayovuja hupunguza alama.

Ukaguzi wa namna hii una faida kubwa, kwa kuwa humfunza mwenye gari kuangalia mahali ambapo macho hayafiki kila siku. Lakini una hatari yake. Mwanadamu hutunza kile kinachopimwa. Ikiwa kinachopimwa ni usafi na mng'ao peke yake, mwenye gari atajifunza kwamba njia rahisi ya kupata alama ni kutolitembeza gari kabisa. Magari mengine duniani yamefikia kubebwa juu ya lori hadi uwanjani, yakasukumwa kwa mikono hadi mahali pa kuonyeshwa, kisha yakarudishwa bandani vivyo hivyo.

Vilabu vingi vimeiona hatari hiyo na kurekebisha kanuni zao. Katika shindano la Pebble Beach, huko California, lililoanza mwaka 1950, iliongezwa safari ya barabarani mwaka 1998. Magari mawili yakilingana alama katika daraja lao, lile lililoimaliza safari ndilo linalopewa nafasi ya mbele. Chama cha vilabu vya Jaguar vya Amerika ya Kaskazini kina daraja la ubingwa, na pembeni yake daraja la magari yanayotembezwa, ambayo hayahukumiwi kwa ukali uleule. Chama cha wakarabati wa Corvette cha Marekani, kilichoundwa mwaka 1974, kina mtihani ambao gari hutakiwa lithibitishe kwamba kila chombo chake kinafanya kazi, tangu honi na taa hadi mwendo wa barabarani.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, liliidhinisha mwaka 2012 hati iitwayo Hati ya Turin. Hati hiyo inalihesabu gari la kale kuwa ni sehemu ya urithi wa utamaduni. Inahimiza kugusa kidogo iwezekanavyo kile kilicho cha asili, na papo hapo inatambua kwamba kulitumia gari barabarani ni sehemu ya kulihifadhi. Je, hayo mawili hayapingani? Ili kujibu yatupasa tuache uwanja wa mashindano, tuingie bandani.

Gari katika banda la Ziwani

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na iko mbali na chumvi. Gari lililofunikwa huko huchakaa polepole, na mwenyewe aweza kudanganyika kwamba halichakai. Basi tulichukue gari lilelile, kwa mawazo tu, tulilete Ziwani katika Mkoa wa Mtwara, kwenye pwani inayoelekea Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma. Tuliweke katika banda la makuti au la mabati, tulifunike kwa turubai, tufunge mlango kwa miaka mitatu.

Kusi ikivuma katikati ya mwaka, na kaskazi ikivuma mwishoni na mwanzoni mwa mwaka, pepo zote mbili hufika hapa zikiwa zimepita juu ya bahari. Mawimbi yanapopasuka kwenye miamba hurusha matone madogo mno. Maji ya matone hayo hukauka hewani na kuacha chembe za chumvi, nazo husafirishwa na upepo hadi ndani ya kila upenyo. Wakazi wa pwani wanaijua chumvi hii: huonekana kwenye vioo vya madirisha, na huyala mabati ya nyumba zilizo karibu na bahari mapema kuliko yale ya nyumba za bara.

Chumvi ya bahari si chumvi ya mezani peke yake. Ndani yake mna pia kloridi ya magnesi. Tofauti yao ni muhimu kwa jambo letu. Chumvi ya mezani huanza kuvuta maji ya hewani na kuyeyuka yenyewe pale unyevu wa hewa unapofika kama asilimia 75. Kloridi ya magnesi huanza mapema zaidi, kwenye asilimia 33 hivi. Pwani ya Mtwara ni nadra hewa kuwa kavu kiasi hicho. Kwa hiyo bati lenye vumbi la chumvi ya bahari laweza kuwa na utando wa maji yenye chumvi karibu saa zote, hata kama mvua haijanyesha kwa miezi na banda halivuji.

Zaidi ya hayo kuna umande. Usiku chuma hupoa. Asubuhi hewa ya joto yenye unyevu huingia bandani, lakini chuma kizito hakiwahi kupata joto upesi kama hewa. Mvuke unapogusa chuma kilicho baridi hugeuka kuwa matone, kama yanavyotokea nje ya chupa ya soda iliyotoka kwenye barafu. Turubai la plastiki lililokusudiwa kulikinga gari hugeuka kuwa kifuniko cha chungu: huzuia mvua, lakini huzuia pia unyevu usitoke.

Kutu ni nini hasa

Kutu si uchafu unaotoka nje na kukishika chuma. Ni chuma chenyewe kikibadilika kuwa kitu kingine. Chini ya tone la maji, sehemu moja ya chuma huachia elektroni na kuyeyuka:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Sehemu nyingine ya chuma hichohicho, mahali ambapo oksijeni ya hewa inafika kwa wingi, hupokea elektroni hizo:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Mazao ya sehemu hizo mbili hukutana, yakaungana tena na oksijeni, na mwisho wake ni kutu nyekundu tunayoijua. Kwa hiyo kila doa la kutu ni betri ndogo: ina anodi, ina kathodi, na ina maji ya kupitisha umeme kati yao. Maji safi hupitisha umeme kwa shida. Maji ya chumvi huupitisha kwa urahisi, na ioni za kloridi huvunja utando mwembamba ambao ungeweza kukilinda chuma. Hiyo ndiyo sababu ya kutu kwenda mbio pwani.

Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Ikianza ndani ya mkunjo wa bati, huusukuma mkunjo ufunguke, ikainua rangi na kuingiza maji zaidi. Mwenye gari huona kivimbe kidogo chini ya rangi na kudhani ndio mwanzo, kumbe nyuma yake bati limekwisha kuliwa. Hapa ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta ni kanuni ya ufundi.

Viwango vya kimataifa vya ISO hugawa mazingira kwa madaraja kulingana na kasi ya kutu. Katika mazingira makavu na tulivu, chuma cha kawaida kisichopakwa rangi hupoteza chini ya mikromita 25 kwa mwaka wa kwanza. Katika daraja la pwani zenye chumvi nyingi hupoteza kati ya mikromita 80 na 200. Bati la mwili wa gari lina unene wa milimita 0.8 hivi, yaani mikromita 800. Mwanafunzi aweza kugawanya mwenyewe: kwa kasi ya mikromita 100 kwa mwaka, bati tupu lingekwisha katika miaka minane likiliwa upande mmoja, na minne likiliwa pande zote mbili. Rangi na vizuizi vingine huchelewesha mambo, na kasi hupungua kadiri kutu inavyojifunika. Lakini mahali rangi ilipopasuka kutu huchimba shimo, na shimo hutoboka kabla ya sehemu nyingine kuonyesha dalili.

Si magari yote yanayoathirika kwa namna moja. Corvette ina mwili wa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, na mwili huo haupati kutu. Lakini fremu iliyo chini yake ni ya chuma. Land Rover za zamani, zinazojulikana sana kusini mwa nchi yetu, zina mabati ya alumini juu ya fremu ya chuma. Mahali metali hizo mbili zinapogusana penye maji ya chumvi, alumini huliwa kwanza. Porsche ilianza katikati ya miaka ya 1970 kuunda miili ya 911 kwa chuma kilichopakwa zinki, kwa kanuni ileile ya mabati ya nyumba: zinki huliwa badala ya chuma. Datsun 240Z haikuwa na kinga ya namna hiyo. Nayo haina fremu ya pembeni, mwili wenyewe ndio mifupa yake, hivyo kutu ya bati ni ugonjwa wa mifupa.

Vilivyomo vinavyoharibika kwa kukaa

Bati ndilo linaloonekana, lakini ndani ya gari mna vitu vingine vinavyoharibika kwa sababu tu ya kukaa.

Betri ya risasi na asidi hupoteza umeme wenyewe kwa wenyewe, na joto huiharakisha kazi hiyo. Ikiachwa bila chaji, salfati ya risasi hugeuka kuwa chembe ngumu zisizorudi tena katika hali ya kwanza.

Petroli hupoteza sehemu zake nyepesi zinazowaka upesi. Zilizobaki huungana na oksijeni na kuwa kama ulimbo, ambao huziba vitundu vya kabureta, na vitundu hivyo havizidi unene wa sindano.

Mafuta ya breki ya kawaida huvuta maji kutoka hewani, kidogo kidogo, kupitia mipira na vifuniko. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishavuta maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 140. Dereva wa gari lililokaa miaka mitatu akikanyaga breki mara nyingi kwenye mteremko, mafuta yaweza kuchemka, mvuke ukajaa katika mabomba, na kanyagio likazama bila gari kusimama. Maji hayohayo huipa kutu silinda ya breki kutoka ndani.

Matairi yanayobeba uzito mahali pamoja hupata ubapa. Tena ndani ya mpira wa tairi mmetiwa nta ya kuukinga na ozoni ya hewani, na nta hiyo hufika juu vizuri tairi linapojikunja na kujinyosha katika mwendo. Tairi lililosimama hupasukapasuka mapema. Mipira ya kuzuia oili nayo hukauka na kusinyaa mahali ambapo oili haiigusi.

Mwisho ni injini. Oili iliyokuwa juu ya kuta za silinda huteremka polepole hadi chini. Ikiisha, pete za pistoni na ukuta wa silinda hubaki chuma kwa chuma katika hewa yenye unyevu, na kutu kidogo hapo yatosha kuzigandisha.

Hapa wenye magari hufanya jambo linaloonekana la hekima: huwasha injini dakika tano kila wiki, kisha huizima. Kemia inaonyesha kasoro ya jambo hilo. Petroli inapoungua huzaa maji:

2C₈H₁₈ + 25O₂ → 16CO₂ + 18H₂O

Mwalimu akiwaongoza wanafunzi kukokotoa, watapata kwamba gramu 228 za petroli huzaa gramu 324 za maji. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, basi huzaa maji yapatayo lita moja nzima. Injini ikipata moto kamili, maji hayo hutoka kama mvuke. Ikizimwa ingali baridi, sehemu yake hubaki ndani ya bomba la moshi na katika oili, pamoja na asidi zinazotokana na moshi. Kwa hiyo kuwasha kidogo na kuzima ni kulinywesha gari maji. Afadhali kutoiwasha kabisa kuliko kuiwasha hivyo.

Mwendo nao una gharama

Tusije tukawadhulumu wale wa upande wa pili. Mwendo una gharama ya kweli, na katika barabara zetu gharama hiyo si ndogo.

Vumbi la barabara za udongo lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko vyuma vingi vya injini. Chembe zikipita kichujio cha hewa husaga silinda na pistoni kama msasa. Mawe huchubua rangi, na kila mchubuko ni mlango wa kutu. Matuta hutikisa mwili, na chuma kinachokunjwa na kunyoshwa mara nyingi mno hupasuka hata kama hakuna mkunjo mmoja uliokuwa mkubwa. Gari likipitishwa ufukweni, maji ya chumvi huingia mahali ambapo upepo peke yake usingeyafikisha. Tena ajali moja yaweza kumaliza kila kitu.

Zaidi ya hayo, katika gari la kale sehemu zilizochakaa hazipatikani daima. Na hata zikipatikana, jambo moja hupotea. Rangi ya asili, alama ya patasi ya fundi wa kiwandani, na namna waya zilivyofungwa ni ushahidi. Mtafiti atakayetaka kujua miaka mia ijayo magari yaliundwaje atausoma humo. Gari lililorudiwa rangi mara tatu na kubadilishwa mabati nusu laweza kung'aa kuliko siku lilipotoka kiwandani, na bado likawa limepoteza habari zake. Ndiyo maana vyama kadhaa sasa vina tuzo za pekee kwa magari ambayo hayakukarabatiwa. Chama cha magari ya kale cha Marekani, AACA, kilianzisha daraja la namna hiyo mwaka 1987.

Gari la mwaka 1971

Mfano wa kufikiriwa ni huu. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalianza mwaka 1953, yakawa maarufu duniani kwa kuvunja magari. Waliyashinda watu wa kwetu pia: mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania, wakiendesha Peugeot 404. Mwaka 1971 lilishinda Datsun 240Z la Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mwaka 1973 gari la aina hiyohiyo likashinda tena, likiendeshwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews.

Gari la mwaka 1971 limehifadhiwa na kampuni ya Nissan huko Japani. Mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni hiyo walilifufua likatembea tena, na mibonyeo ya safari ile bado yaonekana mwilini mwake. Kama mwamuzi angelitazama kwa kipimo cha mng'ao tu, angelikata alama kwa kila bonyeo. Lakini gari hilo bila mibonyeo lingekuwa Datsun nyingine nyekundu tu. Waliolitunza walihifadhi mambo mawili kwa pamoja: alama za historia, na uwezo wa kutembea. Mambo hayo hayakupingana.

Tangu mwaka 2003 yapo pia mashindano ya Safari kwa magari ya kale, yaliyopita mara kadhaa katika ardhi ya Kenya na Tanzania. Humo magari ya miaka ya 1960 na 1970 hukimbizwa kwa siku nyingi vumbini. Aliyeshinda mwaka 2011 alikuwa Björn Waldegård, kwa Porsche 911. Magari ya namna hiyo hujengwa upya karibu kila baada ya safari. Hayo yamechagua uhai wa mwendo na kuacha uasili wa vyuma, na uamuzi huo ni halali mradi mwenyewe ajue anachokiacha.

Mzani wa hasara mbili

Wajenzi wa vyombo vya bahari wa pwani hii walikwisha kulijua jambo hili kabla ya magari kuundwa. Jahazi likikaa majini mfululizo, wadudu hutoboa mbao zake. Likikaa nchi kavu muda mrefu, mbao hukauka na kunywea, maungio yakafunguka, na siku likishushwa huvuja. Kwa hiyo nahodha hakuchagua kati ya maji na nchi kavu. Alipanga zamu: alilipandisha pwani, akalipaka deheni na sifa, akatia kalafati penye nyufa, akalirudisha majini.

Gari nalo ni hivyo. Mwalimu wa hisabati aweza kuchora grafu. Katika mhimili wa mlalo aweke kilomita kwa mwaka. Katika mhimili wa wima, hasara. Hasara ya mwendo huanza chini na kupanda kadiri kilomita zinavyoongezeka. Hasara ya kukaa huanza juu sana kwenye sifuri, hushuka upesi kwa safari chache za kwanza, kisha hubaki karibu tambarare. Jumla ya mistari hiyo miwili ni mkunjo ulio kama bakuli, na sehemu ya chini ya bakuli haiko kwenye sifuri. Kwenye bara kavu, chini ya bakuli huwa karibu na sifuri. Pwani yenye chumvi, husogea mbele kidogo, kwa sharti kwamba kila safari ifuatwe na usafi.

Kutokana na hayo twaweza kutoa kanuni chache kwa mtu anayetunza gari la kale pwani:

1. Litembezwe mara chache, lakini kila mara litembee vya kutosha hadi injini, oili na bomba la moshi vipate moto kamili. Nusu saa barabarani hushinda dakika tano bandani.

2. Likirudi lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa chini ya tumbo na ndani ya matao ya magurudumu, kisha likaushwe. Wavuvi hufanya hivyo kwa mashine za boti, na sababu ni ileile.

3. Banda lipitishe hewa. Kifuniko kiwe cha nguo inayopumua, si plastiki. Gari lisiegeshwe juu ya mchanga mtupu wala majani, kwa kuwa hutoa unyevu usiku.

4. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama gari halikutembea. Maji huingia bila kuhesabu kilomita.

5. Mchubuko wa rangi uzibwe siku hiyohiyo. Ndani ya mikunjo iliyofichika pakwe nta au oili nzito.

6. Kila kinachobadilishwa kiandikwe, na kile cha zamani kihifadhiwe. Hivyo ushahidi haupotei hata pale sehemu inapolazimika kubadilishwa.

Kwa upande wa vilabu, sayansi inatoa shauri moja. Alama zitolewe kwa hali ya kweli ya gari, na uwezo wa kutembea na kusimama salama ni sehemu ya hali hiyo. Gari ambalo breki zake zimeliwa kutoka ndani halikuhifadhiwa, hata kama rangi yake yaonyesha uso wa mtazamaji kama kioo.

Jaribio la darasani

Chukua misumari kumi na miwili mipya ya aina moja. Isugue kwa msasa, ipime uzito katika makundi sita ya misumari miwiwili, kisha uiweke hivi:

Kundi la 1: chupa kavu iliyozibwa, yenye chembe za kloridi ya kalsiamu.
Kundi la 2: maji yaliyochemshwa na kupozwa, yakafunikwa juu kwa mafuta ya kula.
Kundi la 3: maji ya kisima, chupa wazi.
Kundi la 4: maji ya bahari, chupa wazi, misumari ikizama yote.
Kundi la 5: misumari iliyochovywa katika maji ya bahari, ikawekwa kivulini katika sahani wazi.
Kundi la 6: kama la 5, lakini ikisafishwa kwa maji baridi na kukaushwa kila siku.

Baada ya wiki tatu iondoe, isugue kutu yote, ikaushe, ipime tena. Linganisha hasara ya uzito.

Maswali

1. Kwa nini misumari ya kundi la 5 yaweza kupata kutu kupita ile ya kundi la 4, ingawa ya kundi la 4 imezama katika chumvi wakati wote?

2. Kundi la 6 linafundisha nini kuhusu gari linalotembezwa pwani na kuoshwa, likilinganishwa na lile linaloachwa na vumbi la chumvi?

3. Shuleni kwenu kuna jenereta, pampu au mashine isiyotumika mara kwa mara? Orodhesha sehemu zake zinazoharibika kwa kazi, na zile zinazoharibika kwa kukaa. Pendekeza ratiba ya kuiendesha, na utoe sababu kwa kila pendekezo.